Taasisi ya dola si idara ya serikali: habari ya Sura ya Tisa ya Afrika Kusini

Wiki ile ya uchaguzi wa Afrika Kusini, Mei 2024, nilisikia redioni sentensi hii: "Serikali ya Afrika Kusini imetangaza kwamba ANC imepata asilimia 40 ya kura." Nikadhani ulimi wa mtangazaji umeteleza. Kesho yake nikaisoma gazetini, karibu neno kwa neno. Juzi tena nikamsikia mtu, tena msomi, akieleza jinsi "serikali ya kule" ilivyomkuta Jacob Zuma, aliyekuwa Rais, na kosa la kujijengea kwa fedha za umma. Basi nimeona niandike: yote mawili hayakufanywa na serikali, bali na taasisi za Sura ya Tisa ya Katiba yao.

Maana yenyewe ni fupi. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ina Sura ya Tisa, inayounda taasisi za dola za kuimarisha demokrasia ya kikatiba. Kifungu cha 181 kinazitaja sita: Mtetezi wa Umma (anayechunguza malalamiko juu ya mwenendo wa viongozi na ofisi za umma), Tume ya Haki za Binadamu, Tume ya haki za jamii za kiutamaduni, kidini na kilugha, Tume ya Usawa wa Kijinsia, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na Tume ya Uchaguzi. Kifungu cha 192 kinaongeza mamlaka huru ya utangazaji. Zile sita zinafungwa na Katiba na sheria tu, na kila mwaka zinatoa taarifa kwa Bunge. Waziri hazimhusu. Eskom, shirika la umeme, haimo humo, ni shirika la umma. Benki Kuu iko Sura ya 13, ya mambo ya fedha. Waendesha mashtaka wako Sura ya Nane pamoja na mahakama.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Katiba ile inasema taasisi za *dola*, nasi tunatafsiri "taasisi za *serikali*", kana kwamba ni maneno pacha.

Serikali tumelipata kutoka Kiajemi, *sarkar*: *sar* ni kichwa, *kar* ni kazi. Ni yule mkuu wa shughuli, msimamizi anayetoa amri. India wanalitumia mpaka leo kwa maana ya serikali, na vitabu vya zamani vya pwani yetu viliandika "serkali". Ndani ya neno kuna mtu anayetuma na watu wanaotumwa. Kwa hiyo linakaa vizuri likimaanisha rais, mawaziri, wizara na wakuu wa mikoa.

Dola ni la Kiarabu, *dawla*, na mzizi wake unahusu kuzunguka, kupeana zamu. Waliosoma chuoni watakumbuka Surat al-Hashr, aya ya 7, kwamba mali isiwe *dula*, kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Baadaye neno likawa zamu ya ukoo kutawala, kisha utawala wenyewe, kisha nchi na mamlaka zake zote. Kinachonichekesha ni kwamba maana zimegeuzana. Leo kinachopokezana zamu ni serikali, huyu anatoka yule anaingia, na kinachobaki palepale ni dola, ambalo kwa asili ndilo lililokuwa zamu.

Najua kwa nini watu wanalikwepa. Kwanza kuna dola ya Marekani, inayoharibu kila kichwa cha habari. Pili, tumelibana mpaka limebaki "vyombo vya dola", yaani polisi na virungu, na "chama dola", ambacho ni habari nyingine. Hata Katiba ya Tanzania, ibara ya 4, inapogawa madaraka inasema "Mamlaka ya Nchi", wala haigusi dola. Sina ugomvi na hilo. Waafrika Kusini wenyewe wanatenganisha: kwa Kiafrikana *staat* ni dola na *regering* ni serikali, kwa Kizulu kuna *umbuso* na kuna *uhulumeni*. Sisi tunayo maneno mawili kama wao, na tunatumia moja.

Mtu ataniambia huo ni ubishi wa maneno tu. Ubishi huo ulifika Mahakama ya Katiba mwaka 2001, katika kesi ya Tume ya Uchaguzi na Manispaa ya Langeberg. Sura ya Tatu ya Katiba inagawa serikali katika ngazi tatu, ya taifa, ya majimbo na ya mitaa, na kifungu cha 41 kinavitaka vyombo vyenye mgogoro wa kiserikali vijaribu kwanza kuelewana kabla ya kukimbilia mahakamani. Je, sharti hilo linaihusu Tume ya Uchaguzi? Majaji walisema hapana. Tume ni ya dola, lakini haimo katika ngazi yoyote ya serikali. Wakaongeza kwamba sababu hasa ya kuziunda taasisi za Sura ya Tisa ni ziwe nje ya serikali, na zionekane wazi kuwa nje. Hilo la kuonekana ndilo redio yangu ilikuwa ikilifuta kila saa ya habari.

Na Nkandla, kijijini kwa Zuma? Machi 2014 Thuli Madonsela, aliyekuwa Mtetezi wa Umma, alitoa ripoti juu ya makazi ya Zuma huko, akasema Rais arudishe sehemu ya gharama za vitu visivyohusu usalama: bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe, banda la kuku, jengo la kupokelea wageni, ukumbi wa maonyesho wa wazi. Mwaka uliofuata waziri wa polisi, Nathi Nhleko, akatoa ripoti yake: Rais hadaiwi kitu, na bwawa lile ni maji ya kuzimia moto. Hapo ndipo msomi wangu anakwama. Ukisema "serikali ilimkuta na kosa", huyo waziri utamwita nani? Serikali ilimsafisha. Aliyemkuta na kosa ni ofisi ya dola iliyo nje ya serikali, na tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba hatua alizoagiza Mtetezi wa Umma zina nguvu ya kisheria mpaka mahakama izitengue. Hazina ikapiga hesabu, Zuma akalipa randi milioni 7.8 na ushee.

Kuwa nje ya serikali hakukufanyi usiguswe, maana nako kuna wanaozidisha. Busisiwe Mkhwebane, aliyempokea Madonsela, aliondolewa Septemba 2023 kwa kura za theluthi mbili za Bunge, kama kifungu cha 194 kinavyotaka. Bungeni, si wizarani.

Wakenya hili haliwapi taabu sana, kwa kuwa Katiba yao ya 2010 ina Sura ya 15 ya tume na ofisi huru, na wamezoea kusema "tume huru". Wengine kama "dola" linakukwaza ulimi, liache. Wala huhitaji neno jipya. Sentensi ya mtangazaji ingetengenea kwa kuitaja iliyotangaza: "Tume ya Uchaguzi ya Afrika Kusini imetangaza kwamba ANC imepata asilimia 40." Serikali siku hiyo ilikuwa nayo inasubiri matokeo.