Eti Waingereza hawazalishi kitu

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mwenye malori yanayoleta shaba kutoka Lubumbashi hadi bandari ya Dar es Salaam, aliniwekea hati ya bima mezani akaigonga kwa kidole palipoandikwa London. "Hebu nieleweshe, kaka. Hawa watu viwanda vimewafia, makaa yamewaishia, meli hawaundi. Hawazalishi kitu. Mbona kila nikilipa kuna kipande kinakwenda kwao?" Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu nusunusu. Lakini ni mtu wa nne kuniuliza hivyo tangu mwaka uanze, na wa kwanza wao ana shahada ya uchumi. Basi leo nimeamua kulimaliza.

Kwanza, alichokiona si uongo mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vilichangia karibu theluthi moja ya pato la Uingereza. Leo ni kama asilimia 10, pengine na pungufu. Waliofanya kazi viwandani miaka ya 1960 walizidi milioni 8, leo hawafiki milioni 3. Zile Bedford na Leyland walizoendesha baba zetu hazitengenezwi tena. Hilo sibishani na mtu. Ila wafanyakazi kupungua si sawa na viwanda kufa. Ukipanda Airbus A220 ya Air Tanzania kwenda Mwanza, chungulia dirishani: ubawa ule umeundwa Belfast. Dreamliner ya shirika hilohilo inaruka kwa injini za Rolls-Royce, na nyumbani kwa injini hizo ni Derby. Sunderland, mji uliozoea kuunda meli, una kiwanda cha Nissan tangu 1986. Kuna dawa za hospitali, kuna whisky ya Scotland inayoingiza zaidi ya pauni bilioni 5 kwa mwaka kutoka nje. Ni vitu ambavyo wengi wetu hatuvikuti Kariakoo, ndiyo maana tunadhani havipo.

Hata hivyo, nikimtajia hayo yote bado nitakuwa sijamjibu, maana kosa lake liko kwenye hilo neno "kitu". Kwake yeye kitu ni kile kinachopakiwa kwenye lori kikapita mizani ya Vigwaza. Kisichopita mizani hakijazalishwa. Na anayesema hivyo ni mtu ambaye hajawahi kuchimba shaba wala kuiyeyusha! Yeye anauza safari. Nyumba yake ya Kimara imejengwa kwa huduma tangu msingi hadi bati, halafu ananiambia huduma si uchumi.

Huduma ni takriban asilimia 80 ya pato la Uingereza. Mauzo yao ya huduma nje ya nchi siku hizi yanaingiza fedha nyingi kuliko mauzo ya bidhaa, na duniani ni Marekani peke yake inayowazidi kwenye biashara hiyo. Msifikiri nazungumzia vinyozi. Nazungumzia uhasibu, sheria, bima, michoro ya wahandisi. Simu unayosomea hapa karibu hakika ina chipu iliyojengwa juu ya usanifu wa Arm, kampuni ya Cambridge iliyoanza 1990 na kupata utajiri wake kwa kuuza michoro, chipu zenyewe zikitengenezwa na wengine. Kijana wako anayelipa ada Manchester naye ni mauzo ya nje ya Uingereza, ingawa hakuna kontena lililoondoka.

Tuuchukue mzigo wake mwenyewe. Mkataba wa mchimbaji na mnunuzi wa ile shaba mara nyingi hauna bei. Unasema tu: wastani wa bei ya London kwa mwezi fulani. London maana yake ni Soko la Metali, LME, lililoanzishwa 1877, ambako mpaka leo kuna ukumbi wenye viti vyekundu vya ngozi vilivyopangwa duara na watu wanapigiana kelele dakika tano tano kwa kila metali. Uingereza haina mgodi wa shaba wa maana hata mmoja. Zamani ilikuwa nayo, kule Cornwall, na Swansea katika Wales ndiyo iliyokuwa ikiyeyusha sehemu kubwa ya shaba ya dunia katika karne ya 19. Meli iliyobeba shaba ya Chile ilichukua kama miezi mitatu kufika, na mfanyabiashara alitaka kujua atauza kwa bei gani itakapotia nanga. Ndipo ikazaliwa bei ya miezi mitatu: mnakubaliana leo, mzigo unakabidhiwa miezi mitatu baadaye. Matanuri ya Swansea yalizimika zamani. Bei ya miezi mitatu ipo hadi leo, na mchimbaji wa Kolwezi, kule Kongo, anaamka nayo kila asubuhi.

Sasa niambieni, hicho si kitu?

Na wanaweza kukiharibu, msidhani nawasifia. Machi 2022 bei ya nikeli iliruka kwa siku mbili hadi ikavuka dola 100,000 kwa tani. Soko likasimamishwa, na biashara zilizokwisha kufungwa asubuhi ile zikafutwa. Waliokuwa wamepata faida wakaenda mahakamani London, wakashindwa. Hasira yake haijaisha hadi leo, kwa sababu anayeuza bei anauza kuaminika, na hilo likichafuka halifuliwi kwa sabuni. Ukumbi ni wa London, lakini mwenye mali tangu 2012 ni soko la hisa la Hong Kong. Hayo ndiyo maisha ya uchumi wa Uingereza wa leo: kazi inafanyika kwao, mwenye hisa yuko mbali. Arm nayo ilinunuliwa na Wajapani mwaka 2016.

Upande wa bima ndiyo ugali wangu, nitajizuia. Hati unanunua hapa Dar. Kampuni ya hapa inabeba inachoweza, kinachozidi inakitawanya, kwa maana kwamba nayo inajikatia bima: kipande Nairobi, kipande Lagos, kipande London kwenye soko la Lloyd's, lililoanzia kwenye mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd mwishoni mwa miaka ya 1680, manahodha na matajiri wakipeana habari za meli. Hicho ndicho kipande anachokilalamikia mteja wangu. Siku meli ikizama na shaba ya mamilioni ya dola, fedha za kumlipa hazitatoka mtaa wa Samora peke yake.

Na kwa kuwa mko hapa: fungueni hati zenu mkasome mwisho wa masharti. Masharti ya mizigo tunayotumia, yale ya A, B na C (A ndiyo mapana zaidi, C ndiyo finyu zaidi), yaliandikwa London, na yana kifungu kinachosema bima hii inafuata sheria na desturi za Uingereza. Mteja wangu amekuwa akilipia sheria ya Kiingereza miaka yote hii bila kujua. Tena alichagua C, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. C inalipa moto, lori kupinduka, meli kuzama na mengine machache. Wizi hailipi. Mtu anayepitisha shaba Tunduma usiku anakata C! Nimesema mpaka sauti imekauka.

Madai mengine ninayoyasikia kuhusu Uingereza nayapitia haraka.

Kwamba waziri mkuu Margaret Thatcher ndiye aliyefunga migodi ya makaa. Alifunga mingi, na mgomo wa 1984 hadi 1985 uliacha vijiji vizima na majeraha. Lakini kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wachimbaji walizidi milioni moja, na alipoingia madarakani 1979 hawakufika laki tatu. Migodi mingi zaidi ilifungwa wakati wa Harold Wilson, waziri mkuu wa kabla yake, wa chama cha Labour, treni na meli zilipohamia kwenye mafuta. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015, na mtambo wa mwisho wa umeme wa makaa ukazimwa tarehe 30 Septemba 2024.

Kwamba pauni inazidi dola, kwa hiyo Uingereza imeizidi Marekani. Kwa hesabu hiyo Kuwait, ambayo dinari yake inazidi zote mbili, ndiyo baba wa wote. Hadi 1949 pauni moja ilikuwa dola 4.03, ikashushwa hadi 2.80, mwaka 1967 hadi 2.40, na Septemba 2022 ilibaki kidogo tu ilingane na dola. Uchumi wa Marekani ni zaidi ya mara 7 ya wa Uingereza. Bei ya noti moja haisemi noti ziko ngapi.

Kwamba uchumi wao ni benki za London tu. Fedha na bima pamoja hazifiki asilimia 10 ya pato, na karibu nusu yake inatoka nje ya London, Edinburgh na Leeds zikiwemo.

Kwamba wanajilisha wenyewe, basi hatuna cha kuwauzia. Hili aliniambia mama mmoja wa Njombe mwenye maparachichi. Kilimo kinashika kama asilimia 70 ya ardhi yao na hakifiki asilimia 1 ya pato; karibu asilimia 40 ya chakula wanaagiza. Parachichi hawalimi. Mama, peleka. Ila kontena la baridi likizima njiani, hata masharti A peke yake yanaweza yasikulipe. Dai kifungu cha kuharibika kwa mtambo wa baridi kiandikwe kabla lakiri haijapigwa.