Unajibana kula, unafanya mazoezi, mbona kilo zinapanda?

Katika kazi yangu ya ushauri wa lishe, hakuna ujumbe ninaoupokea mara nyingi kama huu, na karibu wote huja asubuhi: "Wiki nzima nimejibana, nimetoka jasho, leo napanda mizani nakuta nimeongezeka kilo moja na nusu. Nakosea wapi?" Mara nyingi hakosei popote. Ila asipopata jibu la kueleweka, huishia kufanya moja kati ya mawili: anaacha kila kitu, au anajinyima zaidi mpaka mwili unamshinda. Yote mawili yananiumiza, kwa sababu yametokana na namba ambayo haikuhusu mafuta hata kidogo.

Tupige hesabu kwanza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Ili uongeze kilo moja na nusu ya mafuta kati ya jana na leo, ilibidi ule kalori zaidi ya 11,500 juu ya zile ambazo mwili wako umezitumia. Watu wazima wengi hutumia kati ya 1,800 na 3,000 kwa siku. Kwa hiyo mbali na chakula chako cha kawaida, ungekula na chakula cha siku nyingine nne au zaidi, vyote ndani ya saa 24. Hukufanya hivyo, na ungefanya ungejua. Kilichoongezeka ni kitu kingine, na karibu kila mara kitu hicho ni maji.

Mizani haichagui. Inapima mifupa, misuli, mafuta, damu, mkojo ulio kwenye kibofu, chakula cha jana ambacho hakijatoka, na maji yote yaliyomo katikati. Mafuta yanapungua polepole, kwa gramu. Maji yanapanda na kushuka kwa kilo nzima ndani ya siku moja. Ukipima vitu hivi viwili kwa pamoja, kile kinachocheza sana ndicho utakachokiona.

Chanzo kikubwa cha mchezo huo ni wanga. Wanga tusioutumia papo hapo mwili huuhifadhi kama glaikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi kwenye ini na gramu 400 au zaidi kwenye misuli, ikitegemea ukubwa wa mtu na mazoezi yake. Kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Sasa angalia kinachotokea mtu anapoanza kupunguza kula, hasa akipunguza wanga. Siku za mwanzo akiba ile inatumika, na maji yake yanatoka. Wakati huohuo insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, inashuka, na insulini ikishuka figo huachia sodiamu, yaani sehemu ya chumvi, nyingi zaidi kwenye mkojo, na sodiamu haitoki bila maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza mtu anaweza kupoteza kilo mbili au tatu na kuona amepata dawa. Sehemu kubwa ya zile kilo haikuwa mafuta.

Kisha inakuja sherehe, au jioni moja tu ya kula wanga kama zamani. Akiba inajazwa, maji yanarudi, mizani inapanda kilo moja na nusu. Mtu anajilaumu kwamba ameharibu kazi ya mwezi mzima kwa sahani moja. Hajaharibu. Amejaza tena ghala lililokuwa limepungua, na akirudi kwenye mpango wake, siku tatu au nne zinatosha mizani kushuka tena. Kinachoharibu kazi ni ile wiki ya kukata tamaa inayofuata.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Maji yaliyo nje ya seli zetu, pamoja na sehemu ya majimaji ya damu, yana chumvi kiasi cha gramu tisa hivi kwa kila lita. Ukila chumvi nyingi ghafla, mwili hauruhusu damu iwe na chumvi kuliko kawaida. Unakupa kiu, unashikilia maji, na figo zinachukua siku moja au zaidi kutoa ziada yote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, na vyakula vya viwandani pamoja na vya kununua vimeshapikwa vinaweza kufikisha kiwango hicho kwa mlo mmoja. Pete inabana kidoleni, soksi zinaacha alama mguuni, mizani inasoma juu. Usijibu hali hiyo kwa kuacha kunywa maji. Kujikausha kunaufanya mwili ushike zaidi kile kidogo ulicho nacho.

Sasa mazoezi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa kuliko kote. Mtu ameanza jimu Jumatatu, Ijumaa amezidi kilo moja, na anaambiwa "hiyo ni misuli". Si kweli, na mimi napenda tuseme ukweli hata pale uongo unapofariji. Misuli hujengwa taratibu: hata anayeanza, anayekula vizuri na kunyanyua vyuma kwa bidii, akipata kilo moja ya misuli kwa mwezi amefanya vizuri sana. Siku nne haziwezi. Kinachotokea ni kwamba zoezi geni huchana nyuzi za misuli kwa viwango vidogo sana, na mwili unapeleka majimaji kwenye eneo hilo kulitengeneza. Yale maumivu ya mapaja yanayokufanya ushuke ngazi kwa kushika ukuta, ambayo huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu, ni dalili ya kazi hiyo. Pamoja na hilo, ukianza mazoezi ya pumzi kama kukimbia au kuendesha baiskeli, ndani ya wiki ya kwanza au mbili mwili huongeza majimaji ya damu, ili moyo upate cha kusukuma na ngozi ipate cha kupoza. Na misuli inayofanyishwa kazi hujifunza kuweka glaikojeni nyingi kuliko zamani, pamoja na maji yake. Ukijumlisha hayo, kuongezeka kilo moja au mbili mwezi wa kwanza wa mazoezi ni jambo la kutegemewa. Ni mwili unajiandaa. Anayetumia kreatini, ile nyongeza ya lishe wanayotumia wanyanyua vyuma, aongeze hapo kilo moja hadi mbili nyingine, ambazo nazo kwa mwanzo ni maji ndani ya misuli.

Jasho, kwa upande mwingine, linadanganya kwa kushusha. Saa moja ya mazoezi makali kwenye joto inaweza kukutoa lita moja au zaidi, na ukipanda mizani hapo utafurahi, lakini ukinywa maji furaha imekwisha. Mafuta hayatoki kwa jasho. Yanapochomwa mwilini hubadilika kuwa hewa ya kaboni dioksaidi na maji: katika kila kilo kumi za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa njia ya pumzi na 1.6 zilizobaki huwa maji. Daktari Santorio Santorio wa Italia, ambaye kwa miaka takriban 30 alijipima kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani na mwaka 1614 akachapisha matokeo yake, alikuwa ameshaona kwamba uzito mwingi unatutoka bila kuonekana kwa macho. Kwa hiyo nikimwona mtu amejifunga mifuko ya nailoni tumboni anakimbia juani, namsihi aivue. Anachopoteza ni maji anayoyahitaji, na anaweza kuzimia.

Kwa wanawake kuna jambo ambalo naona linasemwa kidogo mno. Siku chache kabla ya hedhi na siku zake za kwanza, wengi hushika maji, wengine nusu kilo, wengine mbili. Mwanamke anayejilinganisha wiki hii na wiki iliyopita anaweza kuwa analinganisha miili miwili iliyo katika hali tofauti kabisa za homoni. Linganisha wiki ya kwanza baada ya hedhi na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Wapo niliowaona wakikata tamaa kila mwezi tarehe zilezile kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Choo kigumu nacho kinaongeza, na ukiongeza ghafla vyakula vya nyuzinyuzi, utumbo unabeba mzigo mkubwa kwa siku kadhaa hadi uzoee. Hilo si la kuhangaikia.

La kuhangaikia ni kujinyima kupita kiasi. Mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwalisha wanaume 36 waliojitolea takriban nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Walikonda sana, lakini wengi pia walivimba miguu na vifundo kwa maji, kiasi kwamba mizani haikuonyesha tishu zote walizopoteza. Walikuwa baridi muda wote, wachovu, wenye hasira, na mawazo yao yote yakawa chakula. Nasimulia hili kwa sababu mtu anayekula kidogo mno na kukimbia kila siku bila kulala vizuri mara nyingi ndiye mizani yake imegoma, na ushauri anaopewa mtaani ni apunguze tena.

Basi upime vipi? Ninachoshauri ni kupima kila asubuhi, ukitoka chooni, kabla ya kula na kunywa, mizani ikiwa sakafuni palepale, kisha uandike bila kutoa hukumu. Hukumu inatolewa mwisho wa wiki kwa wastani. Tuchukue mfano wa mtu mwenye namba hizi kuanzia Jumatatu: 82.4, 82.9, 82.1, 81.8, 82.6, 83.0, 82.2. Wiki inayofuata: 82.5, 81.9, 81.7, 82.3, 82.6, 81.6, 81.3. Angekuwa anapima Jumatatu tu, angeona ametoka 82.4 hadi 82.5 na kulala na huzuni. Wastani wa wiki ya kwanza ni 82.4, wa pili ni 82.0. Amepungua karibu nusu kilo, tena kwa mwendo mzuri sana. Kama kujipima kila siku kunakuvuruga akili, acha mizani kabisa na utumie tepu ya kiunoni mara mbili kwa mwezi, pamoja na nguo moja isiyovutika.

Ikiwa wastani wenyewe haujasogea kwa wiki nne au tano, na mazoezi si mapya, hapo si maji tena. Mwili mdogo hutumia nishati kidogo kuliko ule wa zamani, hivyo mpango uliokupunguza kutoka kilo 95 unaweza kuwa ndio unaokutosha kabisa ukiwa na 84. Aidha, mtu anayekula kidogo hupunguza bila kujua kutembea, kusimama, hata kuchezesha mikono akiongea. Na kuna suala la kumbukumbu. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu walioamini kwamba hawapungui hata wakila kidogo; ilionekana walikuwa wakikadiria chakula chao chini kwa karibu nusu na mazoezi yao juu kwa karibu nusu. Hawakuwa waongo. Kijiko cha mafuta ya kupikia, vinywaji, kuonja jikoni na mabaki ya watoto havikai kichwani mwa mtu yeyote. Andika kila kinachoingia mdomoni kwa wiki moja tu, papo hapo na si usiku, na mara nyingi jibu linajionyesha.

Yote niliyoeleza ni ya mtu mwenye afya. Ukiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu huku miguu imevimba, unahema ukilala chali au ukipanda ngazi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Moyo, figo au ini vinaweza kuwa na tatizo. Mjamzito anayevimba ghafla uso na mikono, au kuumwa kichwa sana na kuona ukungu, asisubiri hata kidogo. Kuongezeka taratibu pamoja na uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu na ngozi kavu kunastahili kipimo cha tezi ya shingo. Hedhi zinazoruka pamoja na chunusi na nywele za kidevuni zinahitaji daktari wa wanawake. Kwa upande wa pili, kupungua kuliko juhudi zako nako si neema: ukipoteza asilimia tano ya uzito wako ndani ya miezi sita hadi 12 bila kukusudia, au unapungua huku una kiu na mkojo usioisha, au una kikohozi kisichokoma na jasho la usiku, kapime. Kisukari na kifua kikuu vyote huanza hivyo, na huwapata hata watu walio kwenye mpango wa kupunguza uzito wakadhani ni mpango unafanya kazi.

Na kagua dawa zako. Dawa jamii ya steroidi kama predinisoloni, insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za kifafa na za magonjwa ya akili zinaweza kuongeza uzito. Usiache wala kupunguza dawa mwenyewe kwa ajili ya mizani. Predinisoloni ikikatishwa ghafla baada ya kuitumia muda mrefu inaweza kuhatarisha maisha. Chukua daftari lako la wastani, mpelekee daktari aliyekuandikia, muulize kama kuna dawa nyingine inayofanya kazi hiyohiyo.