Ni ubao mmoja, sio mbao mbili: kuhusu rangi ya ukulele uliyoagiza bila kuiona

Mimi natengeneza ukulele, yale magitaa madogo ya nyuzi nne, na juzi nimepokea ujumbe mwingine wa mteja. Picha tatu, na chini yake: "Fundi, mbona umeniunganishia mbao mbili tofauti? Kushoto imekoza, kulia imepauka. Mimi nililipia koa, sio viraka." Koa ni aina ya mbao ya ukulele, na huyu ni wa nne mwaka huu. Safari hii naandika yote sehemu moja ili wa tano akija nimtumie linki, maana kueleza vipande vipande kwenye meseji kumenichosha.

Zile sio mbao mbili. Ubao wa mbele wenye vipande viwili karibu siku zote unatengenezwa hivi: unachukua kipande kimoja cha mbao, unakipasua katikati ya unene wake, alafu unakifungua kama unavyofungua kitabu na kugundisha pale katikati. Ndo maana mistari ya kushoto na kulia inafanana kama mtu na kioo. Sasa, nyuzi za mbao mara nyingi haziendi sambamba na uso wa ubao, zinapanda au kushuka kidogo ndani yake. Ukishafungua kile kitabu, upande mmoja nyuzi zinainama kuelekea kwako na mwingine zinainama kwenda mbali nawe. Upande ambao vinywa vya nyuzi vinakutazama unameza mwanga, unaonekana umekoza. Upande mwingine unaurudisha, unaonekana umepauka. Ni kama mahameli, ukiipapasa huku inakoza ukiipapasa kule inang'aa, na kitambaa ni kilekile.

Kuthibitisha ni sekunde kumi tu: simama dirishani, shika ukulele shingo ikiwa juu, angalia upande gani umekoza. Alafu igeuze shingo iwe chini bila wewe kuhama. Giza litahamia kwenye kipande cha pili: kile kilichokuwa kimepauka ndo kitakoza. Ingekuwa mbao mbili, ile nyeusi ingebaki nyeusi hata uigeuze vipi. Nawaomba watu wafanye hivi kabla hawajaniita tapeli, na wengi hawafanyi, wanapiga picha ya nne ileile kwenye kona ileile chini ya taa ileile.

Tukija kwenye picha zenyewe. Simu yako na yangu zote zinajiamulia nyeupe ni ipi na zinapenda kukoleza nyekundu kwa sababu inapendeza. Nikipiga picha chini ya balbu ya njano koa inakuwa nyekundu, nikitoka nje kwenye kivuli inakuwa ya kijivu kijivu, mbao imekaa tu haijafanya chochote. Kisha unaitazama kwenye skrini yako ambayo umeiweka mwanga mdogo usiku. Mbao yenye mawimbi ndo mtihani zaidi, kwa sababu yale mawimbi yanatembea ukiigeuza, na picha inakamata pozi moja tu. Pia usinunue kwa picha ya mbao ghafi ukategemea rangi ileile, kwa sababu vanishi inafanya kile maji yanachofanya kwenye jiwe kavu. Mimi nikitaka kujua mbao itatokeaje napaka spiriti kidogo, naangalia kabla haijakauka, basi.

Koa yenyewe kwa asili inaota Hawaii peke yake, na ndo mbao ya ukulele tangu mwanzo. Mafundi waliotoka Madeira, kisiwa cha Ureno, mwaka 1879 kwa meli ya Ravenscrag, akina Manuel Nunes, walifika Honolulu wakaikuta huko wakaitumia. Ndani ya mti mmoja unapata dhahabu iliyopauka, kahawia yenye wekundu, mistari myeusi, na pembeni karibu na gamba mbao ya krimu kabisa. Mti mmoja! Kwahiyo mtu akiniambia "nataka koa rangi ya koa" namuuliza ipi. Mwembe ndo usiseme, ukianza kuliwa na kuvu unatoa njano, waridi na michirizi myeusi kwenye ubao mmoja, na wapo wanaoutafuta hivohivo.

Na neno mahogani nalo lina mkanganyiko wake. Mahogani ya Amerika ya jani pana iko chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2003, na sokoni utakuta sapele na mkangazi zinaitwa mahogani pia. Ni mbao nzuri zote, natumia zote. Lakini hapa mnunuzi ana haki ya kukasirika: muuzaji akiandika mahogani na akaleta sapele bila kusema, hiyo sio tofauti ya asili ya rangi, hiyo ni mbao nyingine. Mpaka uko hapo. Rangi inaweza kutofautiana, aina ya mti hairuhusiwi kutofautiana. Shida ni kwamba rangi peke yake haikwambii ni mti gani, na hata mimi nimeshawahi kushika kipande kidogo kimefungwa vanishi nikasema mahogani kumbe sapele.

Kuna imani nyingine inaniudhi zaidi, kwamba iliyokoza ndo bora na iliyopauka ni daraja la pili. Nani aliwaambia? Kwanza ukulele nyingi za bei ya chini zenye rangi moja safi, nyeusi nyeusi bila doa, ni plaiwudi iliyopakwa rangi ya kupenyeza. Siwakatazi kuinunua, plaiwudi inavumilia hali ya hewa kuliko mbao nzima. Ila rangi moja kutoka ukingo mpaka ukingo mara nyingi ni kazi ya mtu, na nyie mnaichukulia kama uthibitisho wa asili.

Kuhusu sauti niseme ukweli wangu. Nilifundishwa kwamba koa nyeusi ni nzito na sauti yake ni nene. Nikaamini miaka. Alafu nikaanza kupima vipande kwenye mizani, nikakuta vyeusi vyepesi na vyeupe vizito, nikaacha kuamini. Lakini kuna siku nikigonga kipande cheusi kwa kidole sikio linanirudisha kulekule, na siwezi kuapa kwamba sio macho yanayosikia. Kwahiyo mteja akiniuliza ipi ina sauti nzuri simjibu kwa rangi, namjibu kwa uzito na kwa jinsi kipande kinavyolia nikikigonga.

Alafu rangi haikai. Sprusi inakuja nyeupe, mwanga unaigeuza kuwa ya asali. Mahogani inakoza. Walinati inafanya kinyume, inapauka kidogo kidogo miaka ikienda. Ukibandika stika leo ukaitoa baada ya muda mrefu utaikuta alama yake. Sasa wewe unayerudisha ukulele kwa sababu haifanani na picha, hata hiyo ya kwenye picha ikikaa ukutani kwako haitafanana na picha.

Na hili la rangi moja lina gharama kubwa kuliko posta ya kurudisha mzigo. Abunusi ya ubao wa vidole, ule wa shingoni unapobonyezea nyuzi, watu waliitaka nyeusi tii. Taylor Guitars, kampuni ya magitaa ya Marekani, ilipoingia kwenye kiwanda cha mbao hiyo kule Kamerun mwaka 2011, mwanzilishi mwenza wake Bob Taylor akaeleza alichokikuta: kwa kila miti kumi hivi iliyokatwa ni mmoja tu uliokuwa mweusi kabisa, mingine ikiwa na michirizi inaachwa imelala msituni. Miti iliyochukua miaka mingi sana kukua, imetupwa kwa sababu ya mstari wa kahawia! Nikikumbuka hilo, mtu akiniandikia kwamba ubao wake wa vidole una mchirizi, nakosa uvumilivu.

Upande wangu kuna jambo ambalo sijalimaliza. Nikiwa na vipande sita naweka picha ya kile kizuri zaidi, kama kila muuzaji, alafu naandika chini kwamba rangi inaweza kutofautiana. Ni kweli kila neno, lakini nimeanza kuona kwamba mimi ndo nimempa mteja ile picha akilini. Mwezi uliopita nimeanza kutuma picha ya kipande halisi, moja dirishani na moja kwenye balbu, pamoja na ya ule upande usiopendeza. Wawili wameghairi. Mmoja nilikuwa nimeshamkatia mbavu za ukulele, zile mbao za pembeni.

Yule wa juzi nimemwandikia aigeuze dirishani shingo ikiwa chini na anitumie picha. Ameona ujumbe, hajajibu.