Vigeu vya globali na aina za data kwenye ncurses: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Kuandika `LINES = 50;` hakufanyi terminali iwe na mistari 50. Naanza na hii kwa makusudi maana ndo dhana inayowasumbua sana wanaoanza kutumia ncurses (maktaba ya C ya kutengeneza skrini za maandishi kwenye terminali), mtu anafungua heda yake curses.h anaona LINES na COLS (idadi ya mistari na ya safu) ni int za kawaida kabisa, haoni const mbele yake, anasema basi nikiweka namba ninayotaka skrini itafuata. Haifuati. Vile vigeu ni taarifa tu: maktaba imetafuta ukubwa wa terminali, imepata jibu, imeliweka pale ili wewe usome. Kusogeza mshale wa geji ya mafuta hakujazi tangi. Ukiandika juu yake, kodi yako inaamini ukubwa mmoja huku stdscr, yaani dirisha kuu la maktaba linalojaza skrini, ina ukubwa mwingine, halafu move() inaanza kurudisha ERR na kwa vile wengi hatuangalii fankisheni imerudisha nini, maandishi yanapotea kimya kimya. Kama kweli unataka maktaba ifanye kazi na ukubwa mwingine ita resizeterm(), hiyo inapanga upya madirisha na yenyewe ndo inakwenda kurekebisha LINES na COLS.

Na dhana hii ina pacha wake, kwamba LINES na COLS zinajibadilisha papo hapo mtumiaji akivuta dirisha la terminali. Zinabadilika ndio, ila kuna mlolongo. Kwanza inakuja signali ya SIGWINCH (taarifa ya mfumo kwamba dirisha limebadilika ukubwa), ncurses ikiipokea inaweka alama tu ndani kwamba ukubwa umebadilika, halafu pale unapoita getch(), fankisheni ya kusoma kibodi, ndo inafanya kazi yenyewe ya kupanga upya na kukurudishia KEY_RESIZE. Kwahiyo programu inayochora tu mfululizo bila kusoma kibodi inaweza kubaki na namba za zamani. Na ukiweka fankisheni yako mwenyewe ya kupokea SIGWINCH, ile ya maktaba inakaa pembeni, hupati KEY_RESIZE tena, inabidi kazi uifanye wewe, na tafadhali usiite resizeterm() ndani ya hiyo fankisheni ya signali kwa sababu sio salama huko, weka alama yako halafu uishughulikie ukirudi kwenye mzunguko mkuu.

Kingine hapo hapo: LINES sio lazima iwe idadi yote ya mistari ya terminali. Ukitumia ripoffline() inayotenga mstari wa juu au wa chini, au zile lebo za vibonye za chini za slk (soft label keys) pale ambapo maktaba inaziigiza kwenye mstari wa mwisho, mistari hiyo inakatwa na LINES inapungua. Ukitaka ukubwa wa dirisha fulani liulize dirisha lenyewe kwa getmaxyx(win, y, x), na hiyo ni makro kwahiyo hauweki & mbele ya y na x.

Sasa tuje kwenye wakati, maana makosa mengi ya hivi vigeu ni ya wakati. Watu wanaamini kwamba kwa vile kigeu ni cha globali basi kipo tayari tangu main() inaanza. Jina lipo, thamani haipo. stdscr ni pointa na kabla ya initscr() au newterm() haielekezi popote. COLORS na COLOR_PAIRS zinajazwa na start_color(), sio initscr(), kwahiyo mtu anayesoma COLORS kabla ya hapo anapata sifuri anaanza kulaumu terminali yake kwamba haina rangi, kumbe hajaita kinachotakiwa. Mpangilio ambao mimi nausisitiza kila mara ni setlocale(), halafu initscr(), halafu has_colors() na start_color(), na baada ya hapo ndo uanze kusoma chochote.

Zile herufi za kuchorea mistari nazo zimo humu humu. ACS_HLINE, ACS_VLINE, ACS_ULCORNER na ndugu zao, karibu kila mtu anadhani ni namba za kudumu kama zilivyo A_BOLD au KEY_UP. Sio hivyo. Ni makro zinazochungulia ndani ya jedwali la globali linaloitwa acs_map, na jedwali hilo linajazwa pale terminali inapowashwa, kwa sababu kila terminali ina njia yake ya kuchora kona na mistari. Ndo maana ukiandika `static chtype mstari = ACS_HLINE;` nje ya fankisheni kompaila ya C inakataa, inakwambia hicho unachoanzia sio thamani ya kudumu, na watu wanahangaika na heda na bendera za kompaila wakati kosa liko kwenye hilo wazo la kwanza tu. Iweke thamani baada ya initscr() na yataisha.

Hapa kwenye chtype naomba tukae kidogo maana ndo moyo wa mambo. Dhana ni kwamba chtype ni char iliyobadilishwa jina. Ukweli ni kwamba ni namba kubwa isiyo na alama ya hasi inayobeba vitu vitatu kwa pamoja, kwenye ncurses biti 8 za chini ni herufi yenyewe, biti 8 zinazofuata ni namba ya jozi ya rangi (rangi ya herufi na ya nyuma yake), na za juu yake ni sifa kama A_UNDERLINE, A_REVERSE, A_BOLD. Ndo maana `'X' | A_BOLD | COLOR_PAIR(2)` inafanya kazi, unavirundika kwenye namba moja kila kimoja na sehemu yake. Ukishaelewa hivi mambo mengi yaliyokuwa yanaonekana kama uchawi yanafunguka. Kwa mfano ukisoma herufi kutoka kwenye skrini kwa inch() halafu ukailinganisha na 'X' inakwambia sio sawa hata kama unaiona X pale, kwa sababu uliyoisoma ina rangi na sifa juu yake, lazima uichuje kwanza kwa A_CHARTEXT. Na kwa mfano mwingine, una baiti ya juu ya 127 kwenye char ya kawaida, kwenye mashine nyingi hiyo char inahesabiwa kama hasi, ukiipitisha addch() moja kwa moja ule uhasi unasambaa mpaka biti za juu na ghafla herufi inawaka, imepigiwa mstari na imegeuzwa rangi kwa mpigo. Igeuze kwanza iwe unsigned char.

Hizo biti 8 za rangi ndizo zinazozaa dhana nyingine ambayo inauma zaidi kwa sababu inachelewa kuonekana. Unaangalia COLOR_PAIRS kwenye terminali ya rangi 256 unaona 65536, unafurahi, unatengeneza jozi ya 300, unaitumia kwa COLOR_PAIR(300), na rangi inayotoka sio uliyoiomba. Biti 8 zinabeba 0 mpaka 255 tu, kwahiyo kwenye matoleo ya sasa 300 inakatwa inakuwa 44 na unachoona ni jozi ya 44. COLOR_PAIRS haijadanganya, inasema maktaba inaweza kutunza jozi ngapi, haisemi chtype inaweza kubeba ngapi. Tangu ncurses 6.0 ya mwaka 2015, maktaba ya herufi pana (ile ya ncursesw) inatunza namba ya jozi kwenye sehemu yake ya pembeni ndani ya cchar_t, kwahiyo kwa jozi za juu ya 255 tumia color_set() au attr_set(), achana na COLOR_PAIR(). Na init_pair() yenyewe inapokea short, mwisho wake 32767, ndo maana toleo la 6.1 la 2018 likaleta init_extended_pair() inayopokea int. Nigusie na init_color() tukiwa hapa, namba zake zinaenda 0 mpaka 1000, sio 0 mpaka 255, ukiweka 255 ukitegemea nyekundu kali utapata nyekundu ya robo.

Kuhusu cchar_t, wengine wanaichukulia kama wchar_t tu. Hapana, cchar_t ni chumba kimoja kizima cha skrini: herufi pana mpaka 5 (moja ya msingi na zile alama zinazopanda juu yake), pamoja na sifa na rangi. Unaijaza kwa setcchar() na kuitoa kwa getcchar(), usiingie ndani kwa mkono.

getch() inarudisha int. Sio char. Kila siku mtu anaandika `char c = getch();` kwa sababu jina la fankisheni linamdanganya, na programu inafanya kazi vizuri mpaka siku anapotaka mishale. KEY_DOWN ni 258 na KEY_UP ni 259, haziingii kwenye char. Na ERR ni -1, kwenye mashine ambazo char haina hasi hutaiona kamwe hata usubiri. Ni neno moja tu la kubadilisha, liweke int tangu mwanzo.

bool: ipo kwenye curses tangu zamani, kabla C yenyewe haijapata stdbool.h mwaka 1999. Ukijumuisha curses.h unaipata pamoja na TRUE na FALSE, usijitengenezee yako, utagongana nayo.

stdscr, curscr na newscr zinafanana majina na watu wanadhani ni skrini tatu za kuchagua. Unayochorea ni stdscr au madirisha yako. newscr ni picha ya vile skrini inavyotakiwa kuwa, curscr ni vile maktaba inavyoamini skrini ilivyo sasa hivi, wnoutrefresh() inanakili dirisha kwenda newscr na doupdate() inalinganisha hizo mbili na kutuma tofauti tu. Angalia hilo neno, inavyoamini. Programu nyingine ikiandika juu ya terminali yako curscr haijui, kwahiyo refresh() ya kawaida haisafishi uchafu huo, inaona hakuna tofauti. Hapo ndo unaita `wrefresh(curscr)`, skrini nzima inachorwa upya. Zaidi ya hapo usiziguse.

WINDOW nayo, kuna kodi za zamani zinazosoma win->_cury na win->_maxx moja kwa moja halafu watu wanaziiga. Maktaba inaweza kujengwa ikiwa imeficha huo muundo na kodi hiyo haitakompailika. Tumia getyx(), getmaxyx(), getbegyx(), na ukimaliza na dirisha ni delwin(), sio free().

Tumalizie na ESCDELAY, kigeu ambacho kweli unaruhusiwa kukibadilisha, ila hata hapa kuna mtego. Ni muda kwa milisekunde ambao maktaba inasubiri baada ya kupokea ESC ili ijue kama ni ESC peke yake au ni mwanzo wa mshale au kibonye kingine, na chaguo-msingi ni 1000, sekunde nzima, ndo maana programu nyingi zinaonekana nzito ukibonyeza ESC na watu wanalaumu mtandao. Kuandika `ESCDELAY = 25;` kunafanya kazi kwenye maktaba nyingi, lakini ncurses ikiwa imejengwa kwa --enable-reentrant (chaguo la kusaidia programu zenye thredi nyingi) hivi vigeu vyote vya globali sio vigeu tena, ni makro zinazoita fankisheni, na kompaila itakataa kabisa uweke thamani. `set_escdelay(25)` inafanya kazi kote kuwili. TABSIZE ni vile vile, ina set_tabsize(). Na hiyo reentrant isikufanye uamini kwamba sasa thredi zote zinaweza kuchora zitakavyo, ulinzi wake una mipaka, kuna use_window() na use_screen() za kufunga unapogusa dirisha, lakini kwa programu nyingi njia iliyo salama ni thredi moja tu ndiyo iguse ncurses na zingine ziipelekee kazi.