"Subiri apdeti kubwa kwanza" maana yake nini, na inakuhusu we unayetaka kuhama Windows?

Juzi nipo Makole hapa Dodoma kwenye stesheneri ya mama mmoja, nachomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, akaniuliza, fundi hii kompyuta kila siku inaniletea ujumbe eti Windows 10 mwisho wake umefika, we ulisema utaniwekea Linux, ule mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, ila kijana wangu wa chuo kanambia nisubiri apdeti kubwa kwanza ndo nihame, sasa nisubiri mpaka lini? Nikamwambia mama hapo kuna mambo mawili yamechanganywa, ngoja nitoe hii karatasi nikueleze. Swali lenyewe naulizwa sana siku hizi kwaiyo naliandika hapa.

Apdeti ya kawaida ni ile inayokuja kila mwezi au kila wiki, inaziba matundu ya usalama na kurekebisha makosa madogo madogo, ukimaliza kompyuta ni ileile uliyoizoea. Apdeti kubwa ni toleo jipya la mfumo mzima, sura inabadilika, draiva (zile programu ndogo zinazoiunganisha kompyuta na printa na vifaa vingine) zinabadilika, programu zinapanda toleo, na hapo ndo printa iliyokuwa inachapa bila shida inaanza kuleta maringo.

Sasa hii tabia ya kusubiri haikuzuka tu. Windows XP ilitoka 2001, na mafundi wa zamani walikuwa na msemo wao, usiiguse mpaka itoke Service Pack, yani ule mkusanyiko mkubwa wa marekebisho. Service Pack 2 ya 2004 ndo iliyokuja na ukuta wa usalama (firewall, unaozuia wavamizi wa mtandaoni) ukiwa umewashwa tayari, kabla ya hapo mpaka uuwashe mwenyewe. Halafu Oktoba 2018 Microsoft walitoa apdeti kubwa ya Windows 10 iliyoitwa 1809, siku chache tu wakaisimamisha maana kuna watu waliamka wakakuta mafaili yao yamefutika, ikarudi mwezi wa 11 ikiwa imerekebishwa. Aliyesubiri hakupoteza kitu, kwaiyo simcheki mtu anayesubiri.

Hata upande wa Linux wanasubiri, tena wenyewe wanaotengeneza. Chukua Ubuntu, moja ya aina za Linux, namba yake ni mwaka na mwezi, 24.04 maana yake mwaka 2024 mwezi wa 4. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa nne, inatoka ile wanayoiita LTS, toleo la kutunzwa muda mrefu, linapata apdeti za usalama miaka 5. Matoleo ya katikati yanatunzwa miezi 9 tu, hayo waachie wenye muda wa kuchezea kompyuta. Sasa cheki, 24.04 ilitoka Aprili 2024, lakini mtu aliyekuwa na LTS ya nyuma yake, 22.04, hakuletewa ujumbe wa kupanda mpaka ilipotoka 24.04.1 mwishoni mwa Agosti. Hiyo nukta moja mwishoni ndo "apdeti kubwa" ambayo kijana wa mama kaisikia mahali. Sio mfumo mpya, ni toleo lilelile limeshaokotwa mawe kama mchele.

Lakini angalia nani anaambiwa asubiri. Ni yule ambaye tayari yuko kwenye Ubuntu, ana mafaili yake na programu zake, anataka kupanda ngazi bila kufuta kitu. Mama hapandi ngazi, mama anahama nyumba. Anayehama anafutiwa diski na kuwekewa mfumo mpya kuanzia sifuri, kwaiyo ile hofu ya vitu vya zamani kugombana na vipya haipo kwake, yeye kazi yake ni kuchagua toleo ambalo nukta moja yake imeshapita na kuingia. Linux Mint 22, aina nyingine ya Linux, kwa mfano imejengwa juu ya hiyohiyo 24.04, ilitoka Julai 2024, 22.1 ikafuata Januari 2025, na inatunzwa mpaka 2029. Hapo unasubiri nini tena?

Na huko anakotoka ndo hakuna kabisa cha kusubiri. Microsoft walishasema toka 2023 kwamba 22H2 ndo toleo la mwisho la Windows 10, na matunzo ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa watu wa kawaida waliojiandikisha walitoa mwaka mmoja wa nyongeza mpaka Oktoba 2026, basi. Windows 11 nayo rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa kuanzia Intel kizazi cha 8, na hizi mashine za mtumba tunazonunua mjini nyingi ni kizazi cha 4 au cha 6. Kukaa na Windows 10 ukisubiri apdeti kubwa ni sawa na kukaa Jamatini unasubiri basi la Singida wakati mabasi ya mikoani yanapanda Nanenane.

Mtu mmoja tu ndo namwambia subiri hata kama anahama, mwenye laptopu mpya kabisa ya mwaka huu, maana Linux ya zamani inaweza isiitambue waifai yake au kadi ya picha. Ubuntu LTS huanza kupewa kiini kipya, yani sehemu ya ndani ya mfumo inayotambua vifaa, kwenye nukta mbili, ya 24.04 ilikuja Februari 2025. Mashine ya mtumba haina hiyo shida.

Kitu ambacho ningemwambia kila mtu asubiri ni ratiba yake mwenyewe. Mi nilishawahi kupandisha laptopu yangu usiku, betri imeshakufa inaishi kwa chaja tu, bakapu sina, ikafika kama katikati mtoto akachomoa chaja achomeke pasi ya sare za shule. Asubuhi kioo cheusi. Sikumpiga maana kosa lilikuwa langu, ila mteja aliyekuwa anasubiri kazi yake sikumwona tena.

Kwa mama tulianza na flashi. Linux inawaka kwenye flashi bila kugusa diski, kwaiyo nikaiwasha pale pale. Waifai ikashika, printa ikachapa, skana ikagoma kidogo halafu ikakubali. Tukafungua ripoti ya fildi ya mwanafunzi mmoja iliyoandikwa kwa Word, kwenye LibreOffice, programu ya Linux inayofanya kazi ya Word, ikafunguka vizuri ila jedwali la ukurasa wa 12 likarukia wa 13. Mama akaguna, mwanangu hapa wanafunzi watanila mzima. Tukakubaliana ile kompyuta ya pembeni ndo inahama Jumapili akitoka kanisani, hii ya ripoti za wanachuo ibaki na Windows yake kwa sasa, nimeshachomoa waya wa intaneti, kazi zinaletwa kwa flashi.