Mtindo wa Kifaransa Kando ya Ziwa: Tunavyodhani na Ulivyo

Nashona nguo Kirumba, jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mwezi haupiti bila mteja kunifungulia simu na kunionyesha picha ya dada aliyevaa koti la kijivu, skafu shingoni, na nyuma yake mnara wa Eiffel. "Dada, nitoe hivi," ananiambia, kisha anashusha sauti: "Ila haya mambo ni ya kwao, siyo ya huku kwetu." Hapo huwa naacha cherehani. Koti naliweza. Hayo maneno ya mwisho ndiyo nataka tuyazungumze, kwa sababu nami niliyaamini miaka mingi na yakaninyima raha ambazo zilikuwa mlangoni pangu.

Dhana: bila pesa nyingi na nguo za majina makubwa, huwezi kuvaa Kifaransa

Neno *couture* maana yake ni ushonaji, basi. *Haute couture*, yaani ushonaji wa hali ya juu, ni nguo iliyokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja na kushonwa kwa sehemu kubwa kwa mkono. Tena anayehesabiwa kuwa baba yake, aliyefungua nyumba ya mitindo Paris mwaka 1858, hakuwa Mfaransa. Alikuwa Mwingereza, Charles Frederick Worth. Leo Mfaransa wa kawaida hana fundi. Ananunua nguo ya dukani kwa saizi iliyopangwa kiwandani na kuizoea ilivyo. Sisi huku kupimwa kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono ni jambo la kila siku. Mama anayeuza dagaa Mwaloni ana gauni la kitenge lililokatwa kwa mwili wake mwenyewe. Kwa hilo, yeye yuko karibu na ushonaji wa Paris kuliko watu wengi wanaoishi Paris.

Angalia pia nguo zenyewe zilikotoka. Ile fulana ya mistari ya bluu na nyeupe ilikuwa sare ya mabaharia. Kanuni ya jeshi la wanamaji la Ufaransa ya mwaka 1858 ilitaja hadi idadi ya mistari: mieupe 21. Coco Chanel, aliyezaliwa mwaka 1883, alifiwa na mama yake akiwa mtoto na kulelewa kwa masista. Alipopata jina, alichukua kitambaa cha jezi, ambacho wakati huo kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume, akakatia magauni ya wanawake. Hizo ni nguo za watu wa kazi na vitambaa vya bei ndogo, vilivyokatwa vizuri.

Kwa hiyo ukienda kwenye mitumba pale Mlango Mmoja, usianze na lebo. Vaa koti, kisha tafuta mshono wa bega kwa kidole. Ukikuta umekaa pale mfupa wa bega unapoishia, umepata koti. Ukikuta umeteremka kwa upana wa vidole viwili, lirudishe hata kama kitambaa kinakuita, maana kurekebisha bega ni kufumua mkono mzima, kupunguza, kuupachika upya, na bitana nayo inakusubiri ndani. Hiyo kazi nikikutajia bei yake utaona heri ungenunua koti lingine. Kiuno kipana hakina neno, nakibana nusu saa. Pindo ni dogo zaidi. Wateja wangu wengi hufanya kinyume: wanachagua kiuno na kuniletea mabega.

Dhana: Kifaransa ni cha Wazungu

Shirika la Kimataifa la Francophonie lilihesabu mwaka 2022 wazungumzaji milioni 321 duniani, na wengi wao wako Afrika. Jiji lenye wakazi wengi kuliko yote katika nchi zinazotumia Kifaransa ni Kinshasa, siyo Paris. Ukitoka Mwanza kuelekea magharibi unaifikia Rwanda na Burundi, ng'ambo yake Kongo, na kote huko Kifaransa ni moja ya lugha rasmi. Wateja wangu wa kwanza kunifundisha *bonjour* na *ça va* walikuwa kina mama wa Kikongo waliokuja kushonewa vitenge. Walinifundisha huku wakikagua mishono yangu, na hawakuniachia hata uzi mmoja uliolegea.

Haohao ndugu zetu ndio walionifahamisha juu ya masapeur wa Brazzaville na Kinshasa, wanaume wanaovaa suti za Paris kwenye mitaa ya vumbi kwa heshima kubwa. Papa Wemba, mwanamuziki aliyefariki mwaka 2016, ndiye aliyewafanya wajulikane mbali. Wana kanuni ambayo naitumia kila siku: rangi zisizidi tatu mwilini kwa mara moja. Mteja akiniletea kitenge chenye rangi sita, namwambia viatu na mkoba vichukue rangi mojawapo ya zilizomo, asiongeze ya saba.

Na historia ya ziwa lenyewe tunaisahau. Mwanzoni mwa mwaka 1879 padri Mfaransa wa shirika la White Fathers, Siméon Lourdel, pamoja na Bruda Amans, waliondoka Kageye, kijiji cha ufukweni si mbali na jiji hili, wakavuka kwa mtumbwi hadi Buganda. Waganda walilisikia neno la Kifaransa *mon père*, "baba yangu", wakamwita Mapeera, na jina hilo limebaki hadi leo. Miaka michache baadaye wenzake wakajenga misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Kifaransa kimesikika kwenye maji haya kabla ya reli na kabla ya barabara ya lami.

Dhana: chakula cha Kifaransa ni cha hotelini

Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii inawanyima watu mlo mzuri bure.

*Bouillabaisse*, supu ya samaki inayosifiwa Marseille, ilianza kwa wavuvi waliochemsha samaki waliobaki, wale ambao sokoni hawakupata mnunuzi. Nani wa Mwanza asiyeijua hesabu hiyo? Minofu ya sangara inasafirishwa Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa yake, yanabaki, na supu yake inalisha watu. *Ratatouille* ni biringanya, nyanya, hoho, vitunguu na maboga machanga, vitu vya meza moja ya Soko Kuu, vinavyopikwa polepole kwa mafuta. Na *crêpe* ukiila utacheka kwa kuijua: ni chapati ya maji. Wafaransa wana hata siku yake, tarehe 2 Februari.

Lakini ukitaka kuanza na kimoja, anza na sato *meunière*. Neno hilo maana yake ni mke wa msagaji wa nafaka, kwa sababu ya unga. Chukua minofu ya sato wa leo, ikaushe kwa kitambaa safi hadi isishike unyevu, maana samaki mbichi wa maji hugeuza unga kuwa uji. Tia chumvi na pilipili manga, gusisha kwenye unga wa ngano pande zote mbili, kisha kung'uta hadi ubaki kama poda tu.

Sasa mafuta. Mara ya kwanza nilitumia siagi peke yake kwenye jiko la mkaa, ikaungua na kuwa nyeusi kabla samaki hajaiva, nikamwaga kila kitu. Siagi ina chembe za maziwa na hizo ndizo zinazoungua. Wapishi wa Ufaransa huzichuja kwanza, na siagi iliyochujwa hivyo sisi tunaiita samli. Usukumani samli ilikuwepo tangu enzi za bibi zetu. Basi kaangia samli, ngozi ikitangulia chini, dakika tatu au nne, geuza mara moja. Mpakue. Mwaga samli iliyobaki, weka siagi halisi kijiko kimoja, na kiinue kikaango kidogo kutoka kwenye mkaa. Siagi itatoa povu, povu litatulia, rangi itakuwa ya kahawia na harufu kama ya karanga zilizokaangwa. Hapohapo kamulia ndimu, itachachatika, tia kotimiri iliyokatwakatwa, mwagia juu ya samaki. Majarini ya kopo, ambayo madukani huitwa siagi, haitakupa harufu hiyo kwa sababu ni mafuta ya mimea. Kula na ugali kama unapenda. Mimi nakula na ugali.

Mkate nao una dhana zake. Mkate mrefu siyo lazima uwe *baguette*. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1993 inataka ule wa jadi uwe na unga, maji, chumvi na hamira au chachu, bila sukari wala mafuta, ndiyo maana mkate wetu wenye sukari hauna ukoko unaovunjika namna ile. Mwaka 2022 UNESCO iliuweka ufundi wake kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. *Croissant* asili yake ni Vienna, Austria. Divai hailazimiki, lakini ukiitaka, jina lake tayari ni la Kifaransa, *du vin*, na zabibu zinalimwa Dodoma, zikivunwa mara mbili kwa mwaka.

Dhana: manukato ya Paris yametoka Paris

Mlangilangi unaujua? Yale maua ya manjano yenye harufu tamu ya jioni, yanayopendwa Zanzibar. Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta yake, na mafuta hayo yamo ndani ya Chanel No. 5, manukato ya mwaka 1921 yaliyotengenezwa na Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow. Kwa joto letu, tone moja nyuma ya sikio na moja kwenye kifundo cha mkono linatosha.

Dhana: Wafaransa wana kiburi, na kuwaiga ni kujifanya

Hili huniuma zaidi ya yote, kwa sababu ni kosa la salamu tu. Ukiingia duka la mikate Ufaransa na kusema moja kwa moja unachotaka, utajibiwa kwa ubaridi. Kule ni lazima useme *bonjour* kwanza, na ukiondoka useme *au revoir*, hata kama hukununua kitu. Sasa jaribu kuingia kwa mzee wa Kisukuma asubuhi na kuanza na shida yako bila "mwangaluka". Jibu litafanana. Wana *tu* ya rafiki na *vous* ya mkubwa, nasi tuna shikamoo. Mtoto aliyelelewa vizuri Nyamagana akipelekwa Lyon kesho, adabu anayo tayari. Kinachobaki ni msamiati.

Vivyo hivyo mlo. UNESCO ilipoingiza mlo wa Kifaransa kwenye orodha yake mwaka 2010, haikutaja chakula kimoja cha ghali. Ilitaja watu kukusanyika mezani, kupanga meza, kula kwa hatua, na kuzungumza juu ya kile wanachokula.

Kwangu ni Jumapili saa nane. Shuka jeupe la kale ndilo kitambaa cha meza, simu zinawekwa kwenye kikapu, na hakuna anayeinuka kabla ya matunda. Tukimaliza tunashuka ufukweni kucheza *pétanque*, mchezo uliozaliwa La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa ajili ya mzee aliyeugua viungo na hakuweza tena kukimbia kabla ya kurusha. Unasimama miguu pamoja ndani ya duara na kurusha tufe kuelekea kijitufe kilicho mita sita hadi kumi mbele, na anayekisogelea zaidi anapata. Matufe ya chuma hatuna, tunatumia mawe ya mviringo tuliyookota kati ya miamba, tukayapaka rangi mbili. Jumapili iliyopita mama yangu mzazi, mwenye miaka sabini na moja, alisimama kwenye duara akiwa na kanga yake kiunoni, akatushinda mara tatu mfululizo.