Mkojo Mweupe Hauna Habari za Ziwa

Jumanne asubuhi, kabla sijavaa koti la maabara, umeingia ujumbe wa sauti. Mtoto wa kaka yangu, anaishi Dar es Salaam, alikuja Mwanza na wenzake watatu kupumzika sikukuu ya Pasaka. "Shangazi, shikamoo. Tumefika salama. Tuliogelea ziwani kila siku, lakini usiwe na wasiwasi, mkojo wangu mweupe kabisa. Na jana nimepima hapa mtaani, wamesema sina kichocho."

Marahaba, mwanangu. Sasa kaa chini unisikilize, wewe na wenzako watatu, na wote walionitumia maneno hayohayo baada ya Idd, baada ya Krismasi, baada ya harusi ya nani na nani. Miaka 19 nimekaa kwenye maabara za mkoa huu, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa simu, kipande kipande, huku foleni ya wagonjwa ikinisubiri dirishani. Safari hii naliandika.

Kichocho unachokipata ukiogelea Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo. Hakikufanyi ukojoe damu. Mkojo wako unaweza kuwa mweupe kama maji ya chupa na minyoo ikawa imo ndani yako, hai, inataga.

Huku kwetu vichocho ni viwili, na kila kimoja kina konokono wake na maji yake. Cha kibofu, kile cha mkojo wa damu, konokono wake anapenda maji yaliyotuama: malambo, madimbwi, majaruba ya mpunga. Ingia vijiji vya Kwimba au Misungwi vilivyo mbali na ziwa, utakikuta. Cha tumbo, konokono wake yumo ziwani kwenyewe. Ukiwaweka konokono hao wawili kiganjani utawatofautisha bila miwani: wa malambo gamba lake limesimama limechongoka, wa ziwani gamba lake limelala bapa, limejizungusha kama kamba iliyokunjwa ikawekwa sakafuni. Ni mdogo, hazidi ukucha wa kidole cha mwisho. Minyoo inayotokana naye huhamia kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na mayai yake hutoka kwa haja kubwa. Yasiyotoka hubebwa na damu hadi kwenye ini na kukwama huko. Kibofu hakiguswi.

Kosa hili naelewa lilikotoka. Mtu aliyekulia Unguja, Pemba au Pwani anakijua kichocho kimoja, kwa sababu huko ndicho kilichozoeleka. Shuleni aliulizwa: unakojoa damu? Akijibu hapana, akaambiwa mzima. Anakua na swali hilo, anapanda nalo ndege, anashuka nalo Mwanza, na anarudi nalo nyumbani. Wala simlaumu sana. Ninaomlaumu ni mhudumu wa kituo kile cha mtaani aliyepokea kijana anayesema "nimetoka kuogelea Mwanza," akampa kikopo cha mkojo, akachovya kijiti kinachotafuta damu, akaandika HAKUNA kwa herufi kubwa. Huko ni kumtafuta Kirumba mtu aliyepanga Igoma. Hukumkuta, ndiyo, lakini usiandike kwamba amehama mji.

Kuna mwenzangu wa maabara atakayesoma hapa na kuniambia: mbona kipo kipimo cha mkojo cha kichocho cha tumbo? Kipo, na nakitumia. Ni kaseti ndogo, unadondoshea mkojo, unasubiri dakika 20. Hakitafuti damu wala yai. Minyoo hii inakunywa damu, na makapi ya mlo wake inayatapika humohumo kwenye mshipa. Ndani ya makapi hayo kuna antijeni, yaani alama ya minyoo yenyewe, ambayo figo huichuja, na ndiyo kaseti inayoinasa. Kwa hiyo mkojo una habari za ziwa, ila lazima uuulize kwa lugha hiyo. Kuutazama rangi kwenye choo cha kukaa hakutoshi.

Na kaseti nayo ina mtihani wake. Mstari ukikoza, sina neno. Usipotokea kabisa, sina neno sana. Shida ni mstari hafifu, ule unaouona ukiinamisha kaseti kwenye mwanga wa dirisha na usiouona ukiinyoosha. Nimewahi kuwapa wenzangu wawili kaseti moja, mmoja akasema upo, mwingine akasema hakuna. Mwongozo una neno lake kwa mstari wa namna hiyo, na watu wameandika mengi juu yake, lakini saa nne asubuhi, mgonjwa akiwa mbele yangu, naamua kwa kumwuliza: uliingia ziwani? Akisema ndiyo, naupa uzito. Sijui kama ndivyo kitabu kingetaka. Ndivyo ninavyofanya.

Tuje kwenye choo, maana ndipo mayai yalipo. Watu wanadhani maabara inachukua kikopo kizima na kukichambua. Hapana. Choo kidogo kinasukumwa dhidi ya wavu mwembamba, makapi yabaki upande mmoja. Kilichopenya unakikwangua na kukijaza kwenye tundu la kibao cha plastiki kilicholala juu ya kioo. Unanyanyua kibao, kinabaki kitonge. Unakifunika kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, unageuza kioo, unakibonyeza polepole mpaka kitandazike. Ukisubiri, choo kinafifia na kuwa angavu, na chini ya hadubini kila kitu ni kijani isipokuwa mayai. Yana rangi ya asali, marefu kidogo, na ubavuni kila moja lina mwiba mmoja mkali kama wa mchongoma. La kichocho cha kibofu mwiba wake uko kwenye ncha. Ukishauona ule wa ubavuni mara moja, hutausahau.

Lakini tundu lile linabeba miligramu 41.7 tu. Ndiyo maana idadi ya mayai tunayoyaona tunaizidisha mara 24, tupate hesabu ya gramu moja. Sasa piga hesabu na mimi. Chukua mgeni aliyeogelea siku tatu akapata minyoo majike watano. Kila jike anataga mayai kama 200 kwa siku: 1,000. Karibu nusu yanakwama mwilini, yanatoka 500. Choo cha siku kikiwa gramu 200, ni mayai mawili na nusu kwa gramu. Kwenye miligramu 41.7 hiyo ni sehemu moja ya kumi ya yai. Ningehitaji kusoma slaidi, yaani vioo hivyo, kama kumi za mgeni huyo ili nitegemee kukutana na yai moja! Kipimo hiki ni hodari kwa mvuvi anayeingia majini kila siku ya Mungu, maana mayai yake ni mamia kwa gramu. Kwa mgeni wa sikukuu ni kama kuvua dagaa kwa nyavu za sangara.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilimsomea mgeni mmoja slaidi moja, nikaandika hakuna mayai. Baada ya wiki tano akarudi, tumbo linamsumbua. Nikasoma mbili siku ya kwanza, hakuna kitu. Mbili siku ya pili, na kwenye kona ya ile ya mwisho nikaliona yai moja, na mwiba wake. Tangu siku hiyo siandiki "hakuna". Naandika "hayakuonekana kwenye slaidi" na idadi ya slaidi nilizosoma. Madaktari wengine hawapendi, wanasema nawaachia kazi. Ndiyo, nawaachia.

Kuhusu muda nitakwenda haraka. Kupima wiki moja baada ya kutoka ziwani ni kutupa hela. Lava, yaani kimelea mchanga anayetoka kwa konokono, anapenya ngozi kwa dakika chache tu, lakini kukua, kuoana na kuanza kutaga humchukua wiki tano hadi saba. Kabla ya hapo hakuna yai la kuona, hata mimi nikeshe kwenye hadubini.

Dawa ndiyo hivyohivyo. Mmoja wa wale wanne alimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, Dar es Salaam usiku wa kuamkia safari, "kujikinga". Dawa hii si chanjo. Inaisha mwilini ndani ya saa chache, na inaua minyoo iliyokomaa. Ile michanga ya wiki tatu, nne, inanusurika na kuendelea kukua. Kuimeza kabla ya kuogelea ni kufyeka shamba kabla magugu hayajaota. Tena alimeza kidonge kimoja. Dozi inakwenda kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula, na mtu aliyewahi kupata degedege au kifafa aseme kwanza kwa daktari.

Je, mgeni apimwe kwanza au ameze tu dawa wiki nane zikitimia? Hapa mimi mwenyewe nasitasita. Kazi yangu ni kupima, na nimefundishwa kwamba dawa hufuata majibu. Lakini nimekuonyesha hesabu ya lile yai moja. Kipimo kinachomkosa mgeni mara tisa kati ya kumi siwezi kukipa mamlaka ya kumnyima dawa ambayo watoto wa shule za hapa wanagawiwa kwa kampeni. Ndugu zangu nawaambia wapime, na majibu yakiwa safi wazungumze na daktari kuhusu kumeza hata hivyo. Kuna wataalamu ninaowaheshimu wasiokubaliana nami.

Sasa lile la "ufukwe wetu ni msafi". "Shangazi, maji yalikuwa angavu, mchanga mweupe, hakuna hata jani moja." Najua. Vitabu vya zamani navyo vilitufundisha kuogopa majani na matope, na ni kweli magugumaji yanabeba konokono. Lakini ziwa hili lina konokono wa jamii hiyohiyo anayekaa chini kwenye mchanga, hata mahali pasipo jani, hata maji yanapofika shingoni. Lava naye haonekani kwa macho, na anaelea mpaka siku mbili. Mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, ukiwa umbali mfupi kutoka hoteli yako, wavuvi hawana choo, upepo unavuma kuelekea kwako: ufukwe wako ndio wao. Tena konokono huwatoa lava kukiwa na jua, wengi zaidi kuelekea adhuhuri, saa ileile mgeni anapotafuta maji. Kuingia alfajiri kunapunguza hatari, hakuiondoi. Kujifuta haraka kwa taulo, vivyo hivyo. Kutowashwa ngozi hakuna maana yoyote.

Na ukipata homa wiki ya tatu hadi ya nane, na kikohozi, na uchovu, tafadhali mwambie daktari ULIOGELEA ZIWANI. Usipotamka maneno hayo utatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, kwa sababu Dar es Salaam hakuna atakayeiwaza Mwanza. Ya mbele zaidi sitaki kuyaeleza kirefu. Kwenye wodi zetu kuna wanaotapika damu kwa sababu ini limejaa makovu ya mayai ya miaka mingi. Hao ni wenyeji, wavuvi na akina mama waliosimama majini maisha yao yote. Wageni hawafiki huko, lakini ni kwa ajili ya hao sipendi kusikia kichocho kikitajwa kama uvumi wa mabibi.

Ilinitokea mara moja, baada ya kusema haya yote, mtu akaniambia basi Mwanza haji tena. Iliniuma. Nimezaliwa hapa, ziwa hili ndilo ninaloliona nikifungua mlango. Njoo! Panda boti, maji yakikurukia jifute, hiyo si kuogelea. Nenda Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, dakika chache tu kutoka mjini. Pimbi wanaota jua juu ya miamba na swala pala wanakula majani bila kukujali. Vuka na kivuko cha Kamanga bila shughuli yoyote ng'ambo, uvuke tena kurudi. Siku ya mawingu nenda Bujora, Kisesa, ukaone ngoma za Wasukuma kwenye makumbusho yao. Kula sato, kula sangara, kula dagaa, kichocho hakipatikani kwa kula samaki. Ukitaka kuogelea, ogelea kwenye bwawa la hoteli lililotiwa klorini, na kama nyumba ya wageni inavuta maji ya kuoga ziwani moja kwa moja, uliza yamekaa kwenye tangi siku ngapi. Mbili zinatosha. Jioni kaa karibu na Jiwe la Bismarck, jua linazama ng'ambo ya ghuba na wavuvi wanaanza kuwasha taa zao. Miguu iwe juu ya jiwe, isiwe majini.

Mtoto wa kaka yangu nimeshamjibu. Amesema aliingia majini mara ya mwisho Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada. Nimemwambia asihesabu kwa kalenda ya simu, ahesabu kwa kanisa: Pasaka hadi Pentekoste ni wiki saba, aongeze wiki moja, Jumatatu yake apeleke choo, siku mbili mfululizo, na aombe slaidi mbili kila siku. Wakimpa kikopo cha mkojo, anipigie kabla hajakijaza.